Sifuri Ilipopanda Lifti

Alikuwapo mtu mmoja aliyesafiri mwendo mrefu kuliko baharia yeyote, na hakuwahi kufika mbali zaidi ya ghorofa ya tisa. Kazi yake ilikuwa kuendesha lifti. Alikaa kwenye kigoda kilichobonyea katikati kwa kukaliwa, mkono wa kulia juu ya mpini wa shaba, na kichwani kofia nyeusi yenye ukingo unaong'aa. Kwa ajili ya kofia hiyo jengo zima lilimwita Kapteni, na jina likamganda, hata msimamizi wa jengo akasahau kama mtu yule aliwahi kuwa na jingine.

Lifti yenyewe ilikuwa kongwe, inapanda kwa kubembelezwa. Ukiiharakisha inagoma. Ukiinunia inakwama katikati ya ghorofa mbili, mkae humo mkitazamana kama wakwe. Wakili mnene wa ghorofa ya sita alipoingia, lifti ilishusha pumzi kwanza, ndipo ikaanza safari, na wanaosema hiyo ni chumvi hawakuwahi kupanda naye. Alikuwapo na panya. Asubuhi alipandia chini na watu wenye heshima zao, akashukia ghorofa ya nane kwa wahasibu, maana makombo ya huko yalikuwa ya biskuti, na jioni akarudi. Kapteni hakumfukuza. Katika abiria wote, ni huyo peke yake aliyegeuka kumtazama wakati wa kushuka.

Maana hao wengine waliingia wakasema "nne," wakasema "saba," kisha wakaendelea na mazungumzo yao juu ya ile kofia kana kwamba imetundikwa kwenye msumari. Kapteni alijua nani anataka kuacha kazi, nani amenuniana na mama mkwe, nani jino linamsumbua. La kwake jino hakuna aliyeliuliza. Jioni alirudi kwenye chumba chake nyuma ya duka la mapazia, akavua kofia, akakaa kitandani, na maneno yote aliyoyasikia mchana kutwa yakamtoka masikioni, akabaki anasikiliza bomba la mpangaji wa juu likidondosha matone. Zamani alikuwa na mke. Mke aliondoka na fundi redio. Redio yenyewe hawakuichukua, na tangu siku hiyo ilikamata stesheni moja tu, tena ya matangazo ya vifo.

Sasa, jengo lile lilikuwa na lifti mbili, ubavu kwa ubavu, zimetenganishwa na ukuta wa matofali. Ya kulia ilikuwa ya Kapteni. Ya kushoto iliendeshwa na mwanamke ambaye Kapteni alimwita Jirani, naye akamwita Kapteni vilevile, Jirani, wakawa hivyo. Msimamizi alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko watoto wake: moja juu, moja chini. Ya kushoto ikipanda, ya kulia ishuke. Ya kulia ikipanda, ya kushoto ishuke. Abiria asisubiri. Hata wakati wa kufunga kazi sheria ilikuwa hiyohiyo: lifti ya Kapteni ililala chini, ya Jirani ililala juu, na Jirani akateremka kwa ngazi za nyuma zinazotokea mtaa wa pili, karibu na kituo chake cha basi. Asubuhi aliwahi yeye, Kapteni akifika anamkuta yuko angani tayari. Chakula cha mchana walikula kwa zamu.

Kwa hiyo walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu mwisho wa ujana wao bila kuonana nyuso. Walikutana katikati ya shimo, mmoja akipanda mwingine akishuka, kwa muda wa pumzi moja. Kapteni alipiga ubavu wa lifti yake kwa funguo, ko! Na kule ukutani nako, ko!

"Jirani!"

"Jirani!"

Basi, wameshapitana. Salamu ikitaka maelezo, ilingoja wapitane tena. "Umeamkaje?" iliulizwa saa ya chai, na "Mgongo unaniuma" ikajibiwa wakili alipokuwa anarudi kutoka mahakamani. Kapteni alikijua kikohozi cha Jirani, alimjua akiwa na furaha kwa jinsi alivyofunga geti, alijua siku akivaa viatu vipya. Sura yake hakuijua. Panya aliijua, wahasibu waliijua, yeye hakuijua. Siku moja aliomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa macho, akaenda kusimama kwenye mlango wa nyuma kumngojea. Wakatoka wanawake wengi, warefu kwa wafupi, naye akasimama pale kwenye manyunyu akiwangoja wakohoe. Hakukohoa hata mmoja. Akarudi nyumbani amelowa.

Halafu msimamizi akaja na habari. Alisimama mbele ya kigoda, mikono nyuma.

"Kapteni, mambo yamebadilika. Lifti hizi zinang'olewa. Zinakuja za vitufe. Mtu anabonyeza mwenyewe."

"Na sisi?"

"Nyie mkapumzike. Mmechoka."

"Mimi sijachoka."

"Utachoka, Kapteni. Mafundi wanaingia Jumatatu ya mwisho wa mwezi."

Kapteni hakuilalamikia kazi. Hakukilalamikia kigoda. Lililomuuma lilikuwa jambo moja tu: kwamba Jumatatu hiyo ukuta utabaki, na nyuma ya ukuta hapatakuwa na mtu, na yeye atakufa bila kujua mtu huyo alifananaje. Alitaka kusimama naye ghorofa moja, mara moja tu, milango ikiwa wazi, amwamkie kama watu wanavyoamkiana. Lakini mwanamume mzima unaanzaje? Fungua geti nikuone, kama ananunua kabati? Alifungua kinywa mara nyingi wakipitana, na kila mara neno lililotoka lilikuwa lilelile.

"Jirani!"

"Jirani!"

Ghorofa ya saba kulikuwa na mwalimu wa hisabati aliyekodi chumba cha kufundishia watu wazima, wale walioikimbia shule udogoni wakaja kuitafuta na vipara vyao. Alikuwa kijana mwembamba, mavumbi ya chaki mpaka kwenye viwiko, nao watu wakamwita Chaki. Siku hizo alipanda lifti akijisemea.

"Sifuri jumlisha namba, jibu namba ileile. Kwa nini hawaoni kwamba lazima ithibitishwe? Kwa nini?"

Kapteni akacheka. Alijishtua mwenyewe, hakuwa mtu wa kucheka kazini.

"Unacheka nini, mzee wangu?"

"Samahani, mwalimu. Jambo lenyewe. Sina kitu, nimepewa vitatu, ninavyo vitatu. Hata panya wa humu analijua hilo."

"Kulijua ni jambo moja. Panya atalithibitishaje?"

"Saba," akasema Kapteni, akafungua geti.

Lakini usiku kucha neno lile lilimkereketa. Kesho yake alimngoja Chaki, akamkalisha pembeni, akashika mpini.

"Angalia hapa, mwalimu. Hapa chini ni sifuri. Naongeza tatu." Lifti ikapanda, moja, mbili, tatu. "Tuko wapi?"

"Tatu."

"Yameisha hayo."

"Umenionyesha tatu. Nne je?"

Kapteni akampandisha nne. Tano je? Akampandisha tano. Nyuma yao mama mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa anapiga kelele, "Kapteni, mimi nashukia ya pili, jamani! Kapteni!" Wakafika tisa.

"Kumi je?"

"Jengo limeisha, mwalimu."

"Namba hazijaisha. Elfu je?"

"Jengo la ghorofa elfu nani atalijenga?"

"Umeona sasa? Huwezi kuthibitisha kwa kupanda kila ghorofa."

Ndipo masomo yakaanza, na hakuna chuo duniani kilichofundisha namna ile. Somo lilianzia chini, likakatika ghorofa ya saba katikati ya sentensi, likaunganishwa kesho yake. Chaki alisema kuna kanuni mbili za kupokea bila ubishi. Ya kwanza, popote ulipo, usipoongeza kitu umebaki ulipo.

"Nipo tano, sijagusa mpini, nipo tano," akasema Kapteni.

"Ndiyo hiyo. Namba jumlisha sifuri, tumepewa bure. Ya pili, kuongeza namba yoyote ni kuongeza ile iliyo kabla yake, kisha ukapanda moja tena."

"Kupanda nne ni kupanda tatu, halafu moja."

"Umeshika. Sasa igeuze. Sifuri jumlisha namba. Hiyo hatukupewa. Kubaki ulipo ni bure, mzee wangu. Kuanza huna kitu mpaka ukafike alipo mwenzako, hiyo ndiyo ya kutolea jasho."

"Saba," akasema Kapteni, ila sauti ilitoka chini kidogo.

Siku iliyofuata Chaki alimalizia. "Huhitaji kufika elfu. Onyesha mambo mawili tu. Kwamba mwanzo kabisa hao wawili wako sawa. Na kwamba popote watakapokuwa sawa, kila mmoja akipiga hatua moja, hatua hiyo haiwatenganishi. Ukishaonyesha hayo, wamekwenda pamoja mpaka mawinguni, na wewe umekaa kwenye kigoda chako."

"Hao wawili ni nani, mwalimu?"

"Namba, na sifuri jumlisha namba."

Jumapili Kapteni alikwenda kwa mdogo wake wa kike kula, kama kawaida yake. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa na watoto wengi hata wengine walikuwa wa majirani na hakuna aliyegundua. Shemeji alisinzia kwenye kiti na gazeti usoni. Kapteni akapanga vijiko vya chai mezani safu mbili, akawa anaongeza kimoja huku na kimoja huku, midomo inamcheza.

"Kaka," akasema mdogo wake, "unahesabu vijiko vyangu? Havijaibwa."

"Nathibitisha kwamba sifuri ukiongeza namba unapata namba."

Mdogo wake akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Homa huna. Basi ni upweke. Na huyo mwenzako wa lifti ya pili, atakwenda wapi mkifukuzwa?"

"Nitajuaje?"

"Hukumwuliza?"

"Huwa tunapitana tu."

"Miaka yote hiyo mnapitana! Kaka, wewe ukifa tutakuzika wima, tukuwekee na geti."

Watoto wakaangua kicheko. Shemeji akacheka ndani ya gazeti. Kapteni hakucheka. Alikuwa anatazama zile safu mbili za vijiko zilizolala sambamba, kimoja huku, kimoja huku, na katikati yake upenyo mwembamba kama ukuta wa matofali. Akainuka bila kumaliza chai.

Kesho yake, walipopitana kwa mara ya kwanza, alipiga ko! Na kabla moyo haujamrudi nyuma akapaza sauti.

"Jirani! Nina shida ya hisabati!"

Jibu lilikuja wakili alipokuwa anapanda. "Hisabati gani na mvi hizo?"

Umeonaje mvi zangu? akajiuliza Kapteni, kisha akakumbuka kuwa mtu hukisia. Safari iliyofuata akasema, "Ya sifuri!"

"Sifuri ni wewe mwenyewe!"

"Ndiyo! Mimi ni sifuri naongeza namba! Wewe ni namba yenyewe! Tupande pamoja, ghorofa kwa ghorofa!"

Wakapitana tena, na upande wa pili ukawa kimya. Wakapitana mara nyingine, kimya. Mara ya tatu alisikia kikohozi tu. Kapteni alishinda siku ile akiwashusha watu ghorofa wasizozitaka. Aliyetaka nne alipelekwa sita, naye wakili akajikuta kwa daktari wa meno. Hata jioni, lifti ya kushoto ilipokuwa inakwenda kulala juu, ndipo sauti ikaja ukutani.

"Jumamosi! Msimamizi akishakwenda zake! Ila geti sifungui mpaka uthibitishe! Uso wangu hauonyeshwi bure!"

Hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Mchana ofisi zilifungwa, wahasibu wakatoka na vikapu vyao, msimamizi akatoka akipiga mluzi. Jengo likanyamaza. Kapteni alikuwa amenyoa ndevu mpaka shingo ikawa nyekundu, na kofia ameipiga brashi. Akaketi, akafunga geti, akasikiliza. Kule juu kamba za waya zikalia, na lifti ya kushoto ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, ikasimama. Tangu jengo lijengwe, lifti zile mbili hazijawahi kukaa chini pamoja, na ukutani, hivi ndivyo alivyoapa Kapteni, palipata joto kama pana mtu ameegemea.

Ko!

"Jirani, upo?"

"Nipo chini."

"Nami nipo chini. Sifuri na sifuri. Hatujaongeza kitu, kila mmoja yuko palepale. Kanuni ya kwanza."

"Nani kasema?"

"Mwalimu Chaki."

"Yule asiyefua mashati? Haya, endelea."

Wakapanda moja. Hakuna aliyetangulia. Ko! "Upo?" Ko! "Nipo, moja." "Nami moja." Wakapanda mbili. Ko! Ko! Kapteni alisikia viatu vya Jirani vikisogea sakafuni, karibu mno, akazungumza kwa mara ya kwanza bila kupaza sauti.

"Sasa sikiliza. Hapa tuko sawa. Wewe ukipanda moja nami nikipanda moja, kuna sababu gani tusiwe sawa huko juu?"

Jirani akafikiri. "Hakuna sababu."

"Na hapo juu tena?"

"Hapo nako hakuna."

"Basi tumekwisha kuthibitisha. Hata jengo lingekuwa halina mwisho."

"Nimesikia maneno," akasema Jirani. "Sasa nataka kuona lifti. Tatu!"

Akaondoka yeye kwanza, kwa nusu ya pumzi tu. Mashine yake ikanguruma ule mngurumo wa kupanda ambao Kapteni ameusikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Na mkono wake, ambao tangu hapo uliujibu mngurumo ule kwa namna moja tu, haukumwuliza. Ulisukuma mpini chini.

Akashuka. Alipotambua anashuka alikuwa ameshafika moja. Akapiga ubavu kwa funguo, ko! Ukuta haukujibu. Ko, ko! Kimya. Akavuta mpini, akapanda mbio, na kule juu Jirani, aliyekuwa peke yake kwenye tatu akipiga ukuta usiojibu, alisikia lifti ya kulia inapanda. Mkono wake nao haukumwuliza. Akashuka.

Wakapitana katikati.

"Jirani!"

"Jirani!"

Ilitoka yenyewe, kama chafya. Kapteni akafika nne, akaigeuza lifti, akashuka kumfuata. Jirani akamsikia anashuka, akapanda. Wakapitana tena, na safari hii kila mmoja alikuwa na pumzi ya neno moja, na kila mmoja alipiga kelele lilelile.

"Simama!"

Wakasimama. Wote wawili, ingawa lifti kongwe zilivuka ghorofa mbili zaidi ndipo zikatulia. Kila mmoja alimtii mwenzake, kila mmoja akakaa pale alipo, mmoja juu mmoja chini, wakingoja kufuatwa.

Kapteni akangoja. Akasikia mashine zinapoa. Akasikia maji yakitiririka kwenye bomba fulani ukutani, na mahali fulani mbali mlango unabamizwa na upepo. Taa ya kisanduku ilikuwa ya njano, kigoda kilikuwa kilekile, na alipogeuka nyuma hapakuwa na mtu. Ilikuwa sawasawa na chumbani kwake. Akajua kwamba Jirani huko aliko anawaza: kumbe alikuwa ananichezea. Akajua pia kwamba akiendelea kukaa hivi, jioni itafika, Jirani atateremka kwa ngazi za nyuma aende zake, na Jumatatu mafundi watakuja na spana zao. Kubaki ulipo ni bure. Maisha yake yote alikuwa amekula bure hiyo.

Akauachia mpini. Akavuta geti. Lifti ilikuwa imesimama vibaya, sakafu ya ghorofa ya kwanza iko usawa wa goti, akapanda kwa kushika ukingo kama mtoto anayepanda meza. Akaiacha lifti wazi bila mtu, kosa ambalo mwendesha lifti hulisikia tu kwa wenzake. Akatafuta ngazi. Hakuwahi kuzikanyaga, na magoti yalipoziona yakaanza kugombana naye palepale.

Akaanza. Ghorofa ya kwanza alichungulia kioo cha mlango wa kushoto: giza na waya. Akapanda ya pili, akishika ukuta. Giza na waya. Ya tatu alikaa kwenye ngazi, akavua kofia, akajipepea. Ya nne, giza. Ya tano, nyuma ya kioo kichafu, kulikuwa na mwanga wa njano.

Akapiga kioo kwa funguo, polepole.

"Upo?"

Sauti ikatoka, nyembamba. "Uko upande gani?"

"Nje. Nimekuja kwa miguu."

"Wewe! Lifti umemwachia nani?"

"Haina mtu."

"Msimamizi atakuua."

"Atachelewa. Magoti yameshaniua."

Akasikia kitu kama kicheko, kikakatizwa.

"Umethibitisha?"

Angeweza kusema ndiyo. Pale kwenye mbili, kwa maneno, mambo yalikuwa yamekamilika, na Chaki mwenyewe asingepata pa kushika. Kapteni akageuza kofia mikononi.

"Namba zimethibitika," akasema. "Sisi bado. Namba zikipiga hatua hazitengani. Sisi mikono imefundishwa kutengana."

Kisha geti la ndani likalia, na mlango ukafunguka.

Miaka yote Kapteni alikuwa amempa Jirani sura za kuazima. Kwanza alimpa ya shemeji yake mmoja aliyekuwa mchangamfu, akamvua. Kisha akampa ya mwanamke wa kwenye kalenda ya duka la mapazia. Siku za kikohozi alimpa ya mama yake. Mwanamke aliyekuwa mlangoni hakuwa na hata moja. Alikuwa mfupi, uso mpana, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, na juu ya mdomo ana baka dogo. Alikuwa mtu ambaye Kapteni, siku ile ya manyunyu, huenda alipishana naye mlangoni akamwomba radhi.

"Jirani," akasema.

"Jirani," akasema yeye.

Na hapo wakaishiwa. Mazungumzo yao yote yalikuwa yamekatwa kwa kipimo cha kupitana, na sasa neno limesemwa, limejibiwa, na sakafu haimchukui yeyote. Wakasimama wakitazamana, wakingoja mmoja wao apandishwe au ashushwe. Hakuna aliyekwenda. Kapteni akatazama viatu. Vilikuwa vilevile alivyovisikia.

"Ingia basi," akasema Jirani hatimaye, "usinisimamie kama mdai."

Akaingia. Jirani akakaa kwenye kigoda chake, akashika mpini, na Kapteni, kwa kutojua pengine pa kukaa, akasimama nyuma yake kama abiria.

"Wapi?"

"Popote."

"Popote si namba."

"Tisa."

Lifti ikaanza kupanda, na walipokuwa wanakwenda, ndimi zikafunguka.

"Ukitoka hapa unakwenda wapi?" akauliza Kapteni.

"Kwa binti yangu. Amejifungua. Ni mbali, mabasi mawili. Na wewe?"

"Chumbani."

"Kuna nani?"

"Bomba la mpangaji wa juu."

Jirani hakucheka. Wakapita sita, wakapita saba ambako chumba cha Chaki kilikuwa giza.

"Hivi," akasema Jirani, macho mbele, "ukianza na mimi halafu ukaongezwa wewe, au ukianza na wewe halafu nikaongezwa mimi, jibu ni moja?"

Kapteni akatafuta mahali pa kuweka mikono yake. "Mwalimu anasema ni moja. Ila anasema kuthibitisha hiyo ni kazi kubwa kuliko hii. Hatujaifikia."

"Mabasi mawili kwenda," akasema Jirani. "Mabasi mawili kurudi."

"Ndiyo ya kuthibitisha."

"Mimi nyumba yenyewe siijui bado. Sijui kama pana kiti cha mgeni."

"Nitasimama. Nimekaa sana."

Lifti ikafika tisa. Jirani akauachia mpini, akakunja mikono mapajani. Geti hakuna aliyelifungua.